Mstari Juu ya Uso wa Ferdinand

Siku ya thelathini na tisa tangu Ferdinand azikwe, mama yake alimpigia simu fundi Kasiani. Wateja wa Kasiani humwambia runinga imeganda, au rangi zimekimbia, au sauti ipo picha hakuna. Mama Yuliana hakusema lolote kati ya hayo. Alisema, "Njoo uniambie kama ni tivii au ni mtu."

Kasiani hakuuliza maana yake. Kwenye simu hakuwa mtu wa kuuliza sana, aliamini mgonjwa haelezwi, huonwa. Alitia testa, koleo na bisibisi zake begini, akafunga kibanda chake pale Rangi Tatu, Mbagala, akashika njia kwa miguu. Nyumba aliijua. Miaka miwili nyuma ndiye aliyefunga vyombo vyote vya sebuleni: runinga ya chogo ya inchi ishirini na moja, king'amuzi, deki, na sabufa kubwa nyeusi ambayo Ferdinand aliipata kwa jasho la kuchonga vinyago Mwenge. Na wiki tano zilizopita alikuwa amekaa kwenye uwanja wa nyumba hiyo hiyo, chini ya turubai, na waombolezaji wengine, kichwa chini.

Alifika saa nne asubuhi. Mama Yuliana alikuwa kwenye kochi, kitambaa cheusi kichwani, rozari mkononi. Pembeni yake alikaa mzee Nikodemu, mdogo wa marehemu mumewe, aliyetoka Ndanda kwa basi kwa ajili ya misa ya arobaini ya kesho yake. Kasiani aliwaamkia wote wawili shikamoo, akaitikiwa. Katika korido, juu ya mkeka, alikaa Jovina, mjane wa Ferdinand, akimsuka binti yake wa miaka minne, Gladness. Nyuma yao lilisimama sanduku la nguo, limefungwa kwa kamba ya katani. Kasiani aliliona sanduku lile, akaliacha lilivyo. Hakuwa mwepesi wa kufasiri vitu vya watu.

Mama Yuliana alieleza mwenyewe. Tangu msiba, runinga ilifunikwa kanga, hakuna aliyewasha chombo chochote chenye sauti. Alhamisi ndipo walipoifunua, kwa sababu ndugu walitaka kesho baada ya misa watazame sidii ya harusi, wamwone Ferdinand mara moja tena kabla ya kutawanyika. Walipoweka sidii, ukatokea mstari mweusi, mpana kama mkanda wa suruali, ukipanda taratibu kutoka chini kwenda juu. Ulipofika kwenye uso wa Ferdinand, uso ulipinda kama nguo inayokamuliwa. Ukapita, ukarudi tena kutokea chini. Na sabufa ikawa inavuma muda wote kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo.

"Akiwa hai picha ilikuwa safi," alisema Mama Yuliana. "Wewe mwenyewe uliisafisha. Kafa, imeingia giza. Tena usoni kwake."

Mambo mengine aliyasema kwa sauti ya chini, lakini si chini kiasi cha kutofika koridoni. Kwamba mwanawe alikuwa anafua nguo na kuanika, hata za mkewe, mchana kweupe, majirani wakicheka kuwa amelishwa limbwata, akapumbazika kwa mapenzi mpaka hajui nafasi yake. Kwamba alikufa chini ya nguo hizo hizo, mtu mzima mwenye nguvu, hakuugua hata mafua. Waliompokea hospitali walisema moyo umesimama. Lakini mwili ulipooshwa, katika kiganja cha mkono wa kulia ilionekana alama, nyeupe katikati, nyeusi ukingoni, ndefu kama mbegu ya tende. Moyo ukisimama, aliuliza Mama Yuliana, huandika mkononi?

Mzee Nikodemu ndiye aliyeliweka jambo wazi. Saa tisa alasiri ukoo ungekaa kikao. Jovina alikuwa mtu wa Bukoba, na kwao ndugu wapo. Ikiwa ingethibitika kwamba alikuwa na mkono katika kifo kile, angerudi kwao jioni ile ile, na mtoto angebaki kwa baba zake.

"Sasa fundi, sie hatujakuita utengeneze tu," alisema. "Tunataka jibu. Kama chombo kina ubovu, useme. Kama hakina, useme hakina, mbele ya watu."

Kasiani alitazama sakafu kidogo. Akasema chombo hakimjui mtu. Kisha akasema ataangalia.

Kazi yake alijifundisha mwenyewe, Tabata, kwa kufungua redio mbovu za watu waliokwishakata tamaa nazo. Kwa kuwa hakuwa na mwalimu wa kumwambia alipokosea, alijiwekea sharti moja: usibadilishe vitu viwili kwa mpigo. Ukigusa viwili na ugonjwa ukaondoka, hutajua kipi kimeuondoa, na ugonjwa usioujua utarudi. Kwa hiyo aliwasha kila kitu kama kilivyokuwa, akaketi juu ya kigoda mbele ya runinga, akatazama bila kugusa.

Mstari ulipanda. Ulipita kwenye viatu vya bwana harusi, kiunoni, kifuani, ukafika usoni na kuupinda. Mama Yuliana alifumba macho. Kasiani aliendelea kutazama. Aliona kwamba mstari uleule uliupinda uso wa bibi harusi, na wa padri, na wa wasimamizi, na hata keki yenye ghorofa tatu ilivunjika kiuno ulipoipitia. Lakini nyuso hizo hakuna aliyezihesabu.

Alizima king'amuzi. Mstari ulibaki. Alichomoa waya wa antena. Ulibaki. Akahamisha deki kwenye soketi nyingine, akangoja, akabadilisha nyaya za picha kwa nyingine alizokuja nazo. Mstari ulipanda vilevile, polepole, kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo.

Mzee Nikodemu alianza kuchoka. "Fundi, unasubiri iungame? Wewe si padri. Ipige kofi moja ubavuni, kama sie tunavyofanyaga Ndanda."

"Ikipona kwa kofi, mzee, itakuwa imeogopa tu," Kasiani alijibu. Mzee aligeuza uso asionekane anacheka, maana hapakuwa mahali pa kucheka.

Ndipo Kasiani alipochomoa nyaya mbili zilizotoka kwenye deki kwenda kwenye sabufa.

Mvumo ulikatika. Mstari haukuwapo. Picha ilisimama safi kama maji ya mtungini, na ndani yake Ferdinand, na suti yake ya rangi ya udongo, alikuwa ameinama kidogo akilishwa keki na mkewe. Malai ilimganda kwenye sharubu. Akacheka, akaangalia kamera, akaangalia moja kwa moja sebuleni kwao. Koridoni mikono ya Jovina ilisimama ndani ya nywele za mtoto.

"Baba," alisema Gladness.

Mama Yuliana aliiachia rozari ikaanguka mapajani. Mzee Nikodemu alikohoa, akasema kumbe ni sabufa. Akasema kwa haki, kama mtu anayelipa dau aliloshindwa, kwamba jambo la runinga basi liondolewe kwenye kikao.

"Liondolewe," Mama Yuliana aliitikia. "Na alama ya mkononi nayo ni sabufa?"

Aliuliza kwa uchungu tu, hakuwa anangoja jibu. Lakini Kasiani, aliyekuwa amekwisha kuigeuza sabufa ili aone mgongo wake, alihisi nywele za mikono zikisimama. Alichukua testa akagusa skrubu ya chuma nyuma ya sabufa. Taa ndogo ndani ya mpini iliwaka nyekundu, si ile ya kupepesa ya umeme unaovuja kidogo. Iliwaka kama amegusa tundu la soketi.

Na kwenye skrubu ile ile ulifungwa waya wa kijani. Mizunguko mitatu, ncha imerudishwa nyuma na kubanwa kwa koleo. Mafundi wa Mbagala ni wengi, na kila mmoja ana fundo lake. Hili lilikuwa lake.

Alizima swichi ya soketi, akachomoa plagi, akaufuata waya kwa vidole. Ulipita nyuma ya kabati, ukapanda ukutani, ukatoka nje kupitia kona ya dirisha. Alitoka, akazunguka nyumba. Nje waya ulining'inia chini ya dirisha kiasi cha pima moja, kisha ukaishia kwenye ncha iliyokatwa kwa panga. Mbele yake palikuwa uwanja mtupu wa mchanga, na katikati tundu dogo lililojaa majani makavu.

"Kamba ya kuanikia iko wapi?" aliuliza.

Jovina ndiye aliyekuwa karibu, ametoka kumwaga maji. Alimwonyesha kwa kidevu ukuta wa jiko. Waya wa chuma ulikuwa umekunjwa mviringo juu ya bomba lililong'olewa na udongo wake. Waliitoa siku ya msiba, alisema, ili turubai lipate nafasi.

Kasiani alisimama pale kwenye jua. Hakuhitaji kupima kitu kingine.

Miaka miwili nyuma, alipomaliza kufunga vyombo vile, mstari ulikuwapo, mwembamba, na sabufa ilivuma kidogo. Alijua sababu. Sabufa ilikuwa ya bei rahisi, inavujisha umeme kidogo kwenye bodi yake ya chuma, na umeme huo haukuwa na pa kwenda. Ulihitaji waya wa ethi, waya wa kuupeleka ardhini. Nyumba haikuwa na ethi. Nyumba nyingi za huko hazina. Kuichimbia ethi yake, fimbo ndefu ya shaba na chumvi na mkaa, ni kazi ya siku nzima, na Ferdinand alikuwa anataka kusikia muziki jioni ile. Nje palikuwa na kamba ya nguo ya chuma, imefungwa kwenye bomba lililozama ardhini. Kasiani aliunganisha waya wa kijani kwenye kamba ile. Mstari ukafutika. Mvumo ukanyamaza. Ferdinand alimpiga bega akamwita profesa. Mafundi wote hufanya hivyo, wengine kwenye bomba la maji, wengine kwenye nondo ya dirisha. Picha ikitakata, kazi imekwisha.

Lakini mchanga wa Mbagala ni mkavu, na bomba fupi ndani ya mchanga mkavu halipelekei ardhi kitu cha maana. Sabufa ilipozeeka na nyaya za transfoma yake ndani kuungua ganda, umeme wote ulipanda kwenye kamba ya nguo, ukakaa pale ukimsubiri mtu mwenye mikono iliyolowa.

"Fundi," alisema Jovina. Alikuwa ameshika ndoo tupu. "Ile siku mume wangu alipokupigia simu, nilikuwa nimekaa naye."

Kasiani hakugeuka.

"Niliwaambia hawa kwamba kamba ilikuwa inanitekenya vidole. Wakaniuliza, uliijuaje kamba kama si wewe uliyeifanyia mambo. Nikanyamaza. Mie si fundi. Wewe ulisema ni salama, nikaona labda kweli sijui." Akachukua ndoo yake akaingia ndani.

Ilikuwa kweli. Kama wiki mbili kabla ya kifo Ferdinand alimpigia simu. Kasiani alikuwa na runinga ya mtu mezani, matumbo nje, chuma cha moto cha kuchomelea nyaya mkononi, simu ameibana kwa bega. Ferdinand alisema kamba inawatekenya, mkewe anaiogopa. Kasiani alimjibu akicheka: hiyo ni ethi inafanya kazi yake, braza, umeme unashuka. Mwambie avae ndala. Ferdinand naye akacheka. Simu haikufika hata dakika moja.

Alirudi sebuleni, akauliza jambo moja tu. Siku ya kifo, nani alizima sabufa?

"Mie," alisema Mama Yuliana. "Maiti imelala nje, muziki upigwe ndani? Niliposikia Jovina anapiga yowe nilitoka, nikamwona mwanangu chini, nikarudi nikaizima kule kule ukutani. Tangu hapo haijawashwa mpaka juzi."

Kasiani alitikisa kichwa taratibu. Kwa kuizima aliwaokoa wote walioishika kamba ile baadaye, walioivuta, walioikunja. Na kwa kuizima, kamba ikawa kamba tu, na hakuna aliyeona lolote.

Mpaka saa tisa zilibaki saa mbili na nusu. Aliambiwa ale, akashindwa. Angeweza kusema sabufa imekufa, aibebe kwapani, aende. Hilo lingekuwa kweli. Waya wa kijani angeuvuta dirishani kwa mkono mmoja, autie begini, na duniani kusingebaki mtu wa kuusoma. Alilifikiria jambo hilo kwa utaratibu wake, hatua kwa hatua, bila kujifanya kwamba hakulifikiria. Kila alipofika mwisho wake alikutana na lile sanduku la koridoni, lililofungwa kwa kamba ya katani.

Wazee sita walikaa uwanjani kwenye viti vya plastiki, upande wenye kivuli cha ukuta. Mzee Nikodemu alifungua kwa sala. Jovina aliketishwa chini, mtoto mapajani. Kabla maneno hayajaanza, Kasiani aliomba aseme, akaomba pia kila mtu avae viatu na asogee nyuma.

Alichukua taa ya kawaida, akaifunga nyaya mbili. Mmoja aliuunganisha na ile ncha ya kijani iliyoning'inia dirishani. Mwingine aliufunga kwenye msumari mrefu, akauchomeka mchangani karibu na tundu la bomba. Alimwomba mzee Nikodemu aingie ndani awashe sabufa kwenye swichi. Taa haikuwaka. Mmoja wa wazee akaguna kwamba fundi naye amelishwa, maana akina dada hawa wa mbali wanajua kupika. Wengine wakacheka chini chini.

Kasiani alichukua ndoo ya maji akayamwaga polepole kuzunguka msumari. Mchanga uliyanywa. Waya ndani ya taa ukawa mwekundu, hafifu, kama sigara gizani. Alimwaga tena. Taa ikakolea, ikawa ya njano, ikawaka mchana ule mbele yao wote, bila kuwa imechomekwa popote isipokuwa dirishani na kwenye udongo.

"Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha," alisema. "Na yeye alikuwa anaanika nguo mbichi. Waya huu ulikuwa umefungwa kwenye kamba. Kamba ilikuwa na umeme wa nyumba nzima. Alama ya mkononi ni ya umeme. Dada huyu hakufanya kitu."

Kisha akasema waya ule ni yeye aliyeufunga.

Mzee Nikodemu alitoka ndani akaiona taa inavyowaka, akarudi kuzima bila kuambiwa. Aliporudi hakukaa. Mama Yuliana alikuwa anautazama msumari. Ilionekana kama anaona pale kitu kirefu zaidi ya msumari, mtu mzima, amelala. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mwanamke anayeuliza njia.

"Ulikuwa hujui, baba?"

Lilikuwa swali la huruma. Kasiani alilisikia lilivyo, mlango umefunguliwa, yeye apite tu. Neno moja lingetosha, na lisingekuwa uongo mtupu. Kwamba sabufa imeungua ndani hakujua. Alimtazama Jovina. Jovina alikuwa ameinamisha macho kwenye nywele za mtoto wake, nusu zimesukwa, nusu bado. Hakumsaidia na hakumshtaki. Alichokihitaji Jovina kikaoni pale alikuwa amekwisha kukipata. Lililobaki lilikuwa la fundi peke yake.

"Alinipigia," alisema Kasiani. "Wiki mbili kabla. Aliniambia kamba inatekenya. Nilipaswa nije siku ile ile. Nilimwambia avae ndala."

Sasa ndipo mzee Nikodemu alipokaa. Akatoa simu, akaitazama muda mrefu kabla ya kukumbuka alitaka kumpigia nani. Alimpigia mwenyekiti wa mtaa. Alimwambia aje, na kama anaweza aje na askari, hapa kuna mtu, hapana, hakimbii, amekaa. Kasiani alikuwa kweli amekaa, juu ya ndoo iliyogeuzwa, kando ya tundu. Mzee yule aliyesema amelishwa alisimama akasema maneno makali, na baada yake mwingine, na Kasiani aliyapokea yote kwa sababu hakukuwa na la uongo ndani yake.

Mama Yuliana aliinuka. Alitembea kumwelekea mkwewe, hatua tatu, nne, mikono imetangulia mbele. Jovina naye aliinuka, akambeba mtoto ubavuni. Hapo mama mkwe alisimama, mikono ikashuka.

"Siku thelathini na tisa, mama," alisema Jovina. "Nimelala kwenye mkeka siku thelathini na tisa. Chakula changu mlikuwa mnakimwaga." Hakuipandisha sauti. "Kesho nitakwenda misani, nitamwombea mume wangu. Jumatatu naondoka na mwanangu. Mkitaka kumwona mjukuu wenu, Bukoba kuna basi."

Akamtazama mzee Nikodemu, akangoja kama kuna wa kukataa. Hakuna aliyekataa. Aliingia ndani, na baadaye sauti yake ilisikika kule koridoni, akimwambia mtoto atulize kichwa, umebaki upande mmoja tu.

Wazee walisogeza viti vyao mbali na Kasiani. Jua lilihama, kivuli cha ukuta kikafika kwenye tundu. Mwenyekiti alikuwa hajafika. Mama Yuliana, aliyekuwa ameingia ndani, alitoka amebeba kitu kwenye kanga. Alikuja mpaka mbele ya fundi akakiweka chini, karibu na miguu yake, kwa uangalifu kama anaandaa chakula.

Zilikuwa ndala za bluu, zimelika visiginoni. Ya kulia mkanda wake ulikuwa umechomoka kwenye tundu la mbele na kupasuka.

"Mwanangu alikuwa msikivu," alisema. "Ungemwambia chochote angefanya. Hii ilikatika Jumamosi. Alisema Jumatatu akimaliza kuanika, ataipeleka kwa fundi viatu. Jumatatu ndiyo siku ile, akatoka kuanika peku."

Alirudi kwenye kiti chake akatafuta rozari yake.

Kasiani aliiokota ile ndala. Aliigeuza, akaukagua mkanda, akaona palipopasuka. Ni kazi ya msumari mdogo na kipande cha waya, dakika mbili. Mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ulikwisha kuingia begini na kushika koleo kabla hajatambua unachofanya. Aliutoa mtupu. Akaikalisha ndala magotini, akaishikilia hivyo kwa mikono yote miwili, mpaka alipowasikia watu wakibisha hodi getini.